Theluji ya Asilimia Tisini na Saba

Feni ilianza kulia saa nne usiku,
si kulia kwa beringi iliyokauka;
kulia huko nakujua, nimekisikiliza kiwanda cha karatasi
miaka thelathini na mmoja, sikio kwenye mpini wa bisibisi,
ncha ya bisibisi kwenye mbavu za pampu.
Hii ililia kama mtu anayepanda ngazi
asiifikie ghorofa yake.

Nje, Oulu, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Mursu, paka, kajikunja juu ya kasha la kompyuta,
kafumba macho, karidhika:
hitilafu yangu ndiyo jiko lake.

Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika herufi tatu.
Majina yakapangana, mwenye njaa kubwa mbele.
Nikakishuku kivinjari, mshukiwa wa kila siku,
nikakifunga na vichupo vyake kumi na tisa.
Tisini na sita.
Nikazima barua pepe. Nikazima kile kidude
kinachopekua mafaili usiku kama mgambo.
Tisini na saba.
Nikamuua aliyekuwa juu kabisa:
skrini ikawa giza, ikapepesa, ikarudi,
naye akarudi pamoja nayo, namba mpya, njaa ileile.

Ni mchoraji, huyo. Ndiye anayechora madirisha,
na kivuli cha kila dirisha, na saa pale pembeni.
Mchoraji hachoki bure.
Yupo anayemwambia: chora tena. Chora tena.
Mara sitini kwa sekunde.

Nikafanya tulivyofanya kiwandani mkanda ukitetema:
zima kimoja, subiri, sikiliza. Washa. Zima kingine.
Saa, siyo. Vivuli, sivyo.
Kahawa ikapoa, nikainywa hivyo hivyo.

Ndipo nikashusha madirisha yote, nikaiona.
Theluji.
Chembe nyeupe zikishuka juu ya picha ya mto,
kila moja na mwendo wake, zikiyeyuka kabla ya kugusa ukingo.
Venla aliiweka Krismasi, asubuhi ya kuondoka.
"Baba, usiiguse," alisema, akifunga kamba za viatu.
Anaishi Lisbon sasa,
chumba cha kupanga, mlimau dirishani.

Husemwa asiyekuwepo na lake halipo.
Huyu hayupo, na lake lipo,
tena linakula prosesa nzima.

Nikageukia dirisha, lile la kioo.
Huko nako ilianguka, juu ya baiskeli za majirani,
juu ya gari la Pesonen lisilowaka tangu Novemba,
tani kwa tani, bila kuchorwa na yeyote,
bila feni.

Nikaondoa alama ya vema kwenye kisanduku.
Asilimia nne. Tatu.
Kimya kikaingia kama mgeni asiyevua kofia.
Nikasikia friji. Nikasikia koleo la mtu likikwangua njia.
Baada ya dakika ishirini Mursu akainuka,
akaligusa kasha kwa unyayo, akanitazama
kama mpangaji aliyekatiwa umeme,
akaenda zake chini ya radieta.

Jumapili Venla akapiga simu.
"Theluji yangu bado ipo?"
Nikavuta pazia.
"Ipo," nikamwambia. "Inaanguka sasa hivi."