Nimlipe Nani?

Seva ya tanuri la Urmas Kõiv, mjini Võru,
hukaa chini ya ngazi,
kati ya mitungi ya matango ya siki
na gunia la viazi vya mwaka jana.
Haina kioo, haina kibodi.
Ina taa moja ya kijani
inayopepesa usiku kucha: nipo, nipo, nipo.

Saa tisa na dakika kumi, usiku wa Februari,
ikanyamaza.

Helve akavaa koti juu ya nguo za kulalia.
Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri;
theluji ikilia chini ya viatu
kama mtu anayetafuna sukari guru gizani.
Ana wagonjwa wanne mjini humu:
tanuri hili, kiwanda cha mbao cha akina Pärn,
daktari wa meno, na bibi muuza sufu
anayelipa nusu fedha, nusu soksi.

Urmas alikuwa mlangoni, unga mpaka nyusini.
"Oda za shule tatu zimo humo.
Nina mikate mia nne
na sijui hata mmoja ni wa nani."
"Kimya," akasema Helve. "Nasikiliza."

Diski ilikuwa inagonga. Tik. Tik.
Kama mgeni ajuaye kuwa mlango umefungwa
ila hana pengine pa kwenda.

Akaing'oa. Akaweka mpya.
Chelezo alikuwa nayo, ya saa saba usiku uleule,
na kila Jumamosi huijaribu kuirudisha,
maana akiba usiyoifungua si akiba,
ni imani.
Lakini Jumamosi iliyopita kulikuwa na harusi.

Urejeshaji ukafika asilimia sitini, ukagoma.
Programu, toleo jipya la juzi, imekutana na Kõiv,
imeikuta ile õ na kiwimbi chake kichwani,
na haikujua herufi hiyo inaliwaje.

Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta.
Hawakusema lolote
juu ya ufa ulio katika ukuta wa mtu usiyemjua,
unaokulaza njaa wewe.

Ila programu ni huria; haina chumba cha siri.
Helve akaingia ndani ya msimbo kwa miguu yake,
mstari kwa mstari, miwani puani,
mpaka akaona kwamba mtu ameshapita hapa.
Kiraka, cha siku nne tu, hakijashonwa bado kwenye nguo.
Chini yake jina, T. Benegas, Encarnación,
na maneno haya:
*Mteja wangu ni Núñez. Nimechoka kumwandika
kama mtu aliyenyolewa.*

Akakitwaa kiraka, akakibandika.
Saa kumi na moja na robo
Ñ ya Paraguai ikaifungulia mlango Õ ya Võru.
Nipo, ikasema taa. Nipo.

Magari yaliondoka yakiwa na joto.

"Nimlipe nani?" akauliza Urmas.
"Hakuna."
"Hakuna mtu, au hakuna bei?"
Helve alikuwa anakunja kebo, hakujibu.

Basi Urmas akachukua mkate wa shayiri nyeusi, wa kilo mbili,
akaufunga kwa karatasi tatu na kamba,
akaandika: T. Benegas, fundi, Encarnación.
Karani wa posta alimtazama, akapima, akagonga muhuri.

Ulirudi Mei.
Anwani haitoshi, lilisema karatasi la njano.
Umekuwa mgumu kama tofali la kanisa.
Sasa unazuia mlango wa chini ya ngazi usijifunge,
seva ipate hewa.

Helve naye alipeleka mstari mmoja kwa wenye programu:
jaribio, lenye neno moja tu ndani, Kõiv.
Wakalipokea bila salamu.
Tangu hapo, popote programu ile inapokaguliwa,
jina la mwoka mikate hupita kwanza
kuona kama njia ni salama.

Urmas hajui. Kila Ijumaa huinama chini ya ngazi,
huusogeza mkate kwa ncha ya kiatu,
na kuuliza:
"Hajaandika?"