Pilipili Nisiyoila

Ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya maduka ya vipuri
ambako nyundo hazijui Jumapili,
nimeegemea mashine ya kuvuta, jasho laniingia machoni,
na mbele yangu, kiooni,
msichana nisiyemjua anainua chuma
kwa mgongo uliopinda kama ndoano.

Jicho halina pazia. Nimemwona.
Nimemwona mara ya kwanza, ya pili,
ya tatu nikajifanya natafuta taulo.

Kazi yangu ni kupiga picha za mifupa.
Asubuhi hadi alasiri nawaambia watu
vuta pumzi, izuie, usitikisike,
kisha nawaona walivyo, weupe juu ya weusi,
pingili juu ya pingili
kama vizibo vya soda alivyovipanga mtoto,
na pale kimoja kilipochomoka najua
kabla daktari hajavaa miwani.
Lakini kule huja na barua.
Kule wamelipa dirishani, wamepanga foleni,
wamenipa mgongo wenyewe.
Huyu hajanipa kitu.

Na mimi nawajua wagawa mashauri.
Miaka sita humu ndani!
Bwana Nderitu wa fulana ya manjano,
ambaye tumbo lake hufika jimu dakika moja kabla yake,
aliwahi kunishika kiwiko, kunishika,
"Mama, hivyo utaota mabega ya kiume."
Mwingine alinihesabia bila kuombwa,
nane, tisa, kumi, kama mnada wa mbuzi.
Mwingine akasema wanawake wasibebe, wakimbie tu.
Wakimbie. Waende wapi?
Niliwapa tabasamu lile la kaunta
nikashuka ngazi, nikaenda nikilibandua usoni
hadi Pangani.

Sasa nikimwendea huyu nitakuwa nani?
Nderitu mwenye hereni?
Pilipili usiyoila yakuwashiani, wataniuliza.
Yaniwasha, jamani. Yaniwasha uti wa mgongo.

Mkufunzi, Shiundu, yuko mlangoni
anabishana na simu kuhusu kodi ya nyumba.
Ndiye aliyelipwa kuona. Haoni.

Nikatunga sentensi.
"Samahani, dada." Hapana, hilo ni la wauza bima.
"Mimi hufanya kazi hospitalini."
Majivuno hayo, yamevaa koti jeupe.
"Hata mimi nilikuwa nakosea hivyo."
Uongo. Sikuwahi.
"Mgongo." Neno moja tu,
kama kumwita mtu kwa kilema chake.

Ameongeza sahani nyingine. Kilo kumi.
Moyo ukanipiga kana kwamba ni mimi ninayeinua.

Nikaenda kusimama kando yake, si karibu sana,
nikachukua chuma changu chepesi,
nikainama polepole, makalio nyuma, kifua mbele,
mgongo nimeunyoosha kama rula ya mwalimu,
nikainuka, nikashuka, nikainuka,
nikitangaza kwa mwili nisichothubutu kwa mdomo,
mwoga mwenye mkao mzuri.

Akaniona kiooni. Akatazama.
Akachomoa kipokeasauti cha sikio moja.
Nikasema moyoni, haya, ameelewa.

"Mama," akasema, "kamba ya kiatu imefunguka.
Tangu uingie. Niliogopa kukwambia."

Tulicheka? La. Si mara moja.
Nilipiga goti nikaifunga, mafundo mawili,
uso ukiwaka.
Nilipoinuka alikuwa bado ananitazama,
chuma miguuni pake, kilo zake zote,
kama mtu aliyekwisha kulipa dirishani
na hajui aelekee chumba kipi.

"Na wewe," nikasema,
na nyundo za chini zikanyamaza kidogo, au nilidhani,
"na wewe, nikuambie?"