Tangu Kufutwa

Chini ya usukani, karibu na goti la dereva,
pana tundu lenye vishimo kumi na sita.
Hapo ndipo gari linaponong'onea.
Nina kidude cha buluu nilichonunua Mwanza
kwa fedha ya kufufua trekta la watu wa tumbaku.
Kinasema Kiingereza kitupu,
na hapa Isevya mimi ndiye mkalimani wake.
P sifuri tatu sifuri tatu:
silinda ya tatu haichomi.
Gereji tunaziita kodi,
na kweli ni kodi: ukisamehewa leo,
mwezi ujao unadaiwa na riba.

Kasonta alikuja asubuhi, anasimama hataki kukaa.
IST ya rangi ya fedha, imeoshwa
mpaka matairi yamepakwa mafuta.
Kwenye dashibodi taa ya njano,
kajiinjini kadogo kama kobe aliyekatwa kichwa.
"Inamisi kidogo," akasema.
"Wewe futa tu. Sikuja kutengeneza."
Koili mpya ni elfu sitini na tano.
Kufuta ni elfu kumi.
Nikabonyeza. Kidude kikauliza: una hakika?
Huuliza kila mara, ni adabu ya kiwandani.
Nikajibu ndiyo.

Taa ikazimika kama jicho la mtoto aliyeamriwa alale.
Jioni nikanunua migebuka miwili
iliyoshuka na treni ya Kigoma,
nikala, nikashiba, nikalala.

Siku ya nne likarudi gari lile lile,
matairi yana matope ya uwanja wa shule.
Akashuka mwanamke mwenye chaki kwenye mkono wa sweta.
Mwalimu Nyamizi, wa Urambo.
Mkopo wa chama cha akiba, miezi thelathini na sita.
"Bwana Kasonta aliniambia halina shida.
Ila kuna kataa kamewaka, nimeshapita Usoke."

Nikachomeka. Nikakunja paji la uso
kama daktari asiyemjua mgonjwa.
"Silinda ya tatu," nikasema, kana kwamba ni habari.
Nikapandisha ukurasa upesi,
lakini yale ni macho ya kusahihisha madaftari tisini kwa usiku mmoja.
Akaweka kidole juu ya kioo.
"Hapa. Kilomita mia moja themanini na tisa
tangu kufutwa.
Tangu nini kufutwa?"

Anajua Kiingereza. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Akatazama bati la paa, midomo inahesabu.
"Kutoka kwangu hadi hapa ni tisini na mbili.
Kwenda, kurudi. Zinabaki tano,
za kuzunguka mjini."
Akanitazama mimi.
"Basi limefutwa mlangoni pako."
Hakupaza sauti.
Mwalimu asiyepaza sauti ndiye wa kuogopwa.

Nikafungua boneti.
Koili ya tatu ilikuwa na ufa ubavuni,
mwembamba kama unywele;
hata tochi ya simu ingeuona, kama ningetazama.
Nikafunga mpya, na plagi yake, kwa fedha yangu.
Injini ikatulia, ikaimba sauti moja.
"Haya," akasema, "sasa futa."

Kidole kikafika kwenye kitufe. Kikaganda.
"Hapana, mwalimu. Iache iwake.
Kama nimetengeneza kweli, gari litajipima lenyewe:
safari ya kwanza, ya pili, ya tatu,
na taa itazimika bila mkono wa mtu.
Isipozimika, njoo na mjumbe wa mtaa."
Hakuniaga. Aliondoka na taa yake,
kaicho ka njano kanamtazama njia nzima.

Jumatatu, Urambo.
Jumanne, labda shuleni, labda sokoni.
Leo Jumatano. Simu nimeiweka
juu ya betri iliyokufa, kando ya spana namba kumi,
na kila pikipiki ikipita nadhani ndiyo inayoita.

Inaita.
Ni Kasonta. Ana Noah, anasema,
ina kataa kadogo tu.