Nakala ya Tatu

Kwa Dk. Tusekile Mwaipaja

Leo Mlimani wamekuita mama.
Mama wa taaluma, mama wa taifa, mama yetu sote;
kila aliyeshika kipaza sauti alikuongezea mtoto.
Nimekaa safu ya nyuma, chini ya feni mbovu,
nikakusikia ukiguna:
Sikudhani, hesabu. Wamefika wangapi?
Kumi na wanne, Daktari,
na hakuna hata mmoja aliyetaja kitabu.

Ulilipenda jina langu. Siku ya kwanza,
mwaka wa sabini na nne, ofisi inanuka wino, dari linavuja,
ulisema: wenzako wana majina, wewe una sentensi.
Kisha ukauliza, hukudhani nini?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na maneno arobaini kwa dakika
na nauli ya kurudi Magomeni.

Mwandiko wako, siafu waliomwagiwa maji.
Nikapiga taipu: karatasi nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe.
Nakala ya kwanza ya mchapishaji.
Ya pili ya idara.
Ya tatu, iliyofifia, ukasema: kaa nayo wewe.

Ulikwenda Kunduchi kwa wanawake wa kokoto
ukarudi na vumbi kwenye nyusi na kanda sita.
Idara ikataka *mhojiwa namba moja, mhojiwa namba mbili.*
Ukakataa. Andika: Mwanaidi binti Pazi,
nyundo ya kilo mbili, mtoto mgongoni.
Andika: Chausiku, anajua bei ya lori
na anajua bei ya mumewe.
Nikaandika. Mashine ikagonga kama nyundo zao.

Wakasema mambo haya umeyaokota Ulaya.
Ulicheka mpaka miwani ikadondoka.
Bibi yangu kule Tukuyu hakupanda hata meli.
Aliwarudisha ng'ombe wa watu kwa miguu yake,
wote, na ndama juu,
akaenda kulima kwake.

Halafu ule ukurasa wa mia na kumi na mbili.
Uliandika: *wanawake hawa hawana sauti.*
Vidole vyangu vikagoma.
Daktari, nikasema, na moyo unanidunda,
kanda zote sita nimezisikiliza mimi.
Masikio bado yananiuma.

Ulinyamaza. Nje mtu alikuwa anafyeka majani.
Ukaikata ile sentensi kwa mstari mmoja,
juu yake ukaandika kwa penseli:
*sauti wanazo; masikio ndiyo hatukuwa nayo.*
Ukaniangalia.
Basi, ukasema, mimi ndiye sikudhani.

Kitabu hakichapwi tena. Cha maktaba kimeliwa na mchwa.
Hotuba zimekwisha, watu wamefuata soda,
na binti mmoja mwenye suka nusu, nusu bado,
amekuja kuniuliza kama ni kweli nilikujua.

Nimefungua bati la biskuti.
Nakala ya tatu, na chini yake zile nyeusi,
karatasi za kaboni ambazo hakuna aliyewahi kuziomba.
Inua moja kwenye taa, nikamwambia.
Akainua. Maneno yako yakasimama,
matundu madogo ya mwanga ndani ya weusi,
Mwanaidi, Chausiku, nyundo, ndama juu.

Bibi, akasema, zinachafua. Nikanawe kwanza?

Soma, nikamwambia.
Utanawa baadaye,
kama itatoka.