Ruhusa

Miezi mitano wodini, leo Shamsa kapewa ruhusa,
lakini Sista Mbeyu hatoi karatasi mpaka nijibu.
Umeme ukikatika?
Mtungi u nyuma ya mlango.
Akianza kuhema?
Nimfunue kifua, nihesabu,
nitazame mbavu kama zavutwa ndani.
Chupa ya maji, kitako kimetobolewa:
pampu huku, kinywa cha mtoto kule,
pulizo moja, pumzi sita. Tena.
Nyumbani nani avuta sigara?
Hakuna.
Moshi mwingine?

Hapo nikanyamaza.

Kibokoni mamangu ana chetezo cha shaba.
Udi wake wa Alhamisi, hata mapazia yameunywa.
Nitamwambiaje kuwa manukato yake
yambana mjukuu kifua?

Sikumwambia. Sista akaomba nambari,
akampigia yeye mwenyewe.

Ngazi kumi na saba, mashine begani mwa Lali.
Nyumba hainuki chochote, kama ya wageni.
Chetezo kimesuguliwa kwa ndimu na majivu,
ndani yake pametengwa mahali pa pampu na chupa.
"Hapa utaiona hata gizani," asema mama,
kisha aketi, kiganja kifuani mwa Shamsa,
ahesabu kwa midomo tu,
apotea kwenye thelathini,
aanza upya.