Kulwa na Doto Mezani kwa Fundi

Zimelala juu ya gazeti la juzi,
prosesa mbili, kila moja kama biskuti iliyosahauliwa na mtoto.
Fundi Bulugu kanawa mikono mara mbili.
"Usiguse huku chini. Pini ikipinda, Nkwimba, umenunua jiwe."
Na sisi wa Mwanza mawe tunayo,
yametushukia mlimani hadi mlangoni, bure.

Zinakaa kitako kimoja, kiwanda chao kimoja.
Nikazipa majina palepale:
ya mbio, Kulwa;
ya viini vinane, isiyo na makuu, Doto.

Hela yangu ni ya moja tu.
Nimeidunduliza Mabatini, kwenye chumba cha mlango mmoja:
asubuhi barua za kuomba kazi, picha za pasipoti,
daftari la dagaa la Mama Nyanjige, mistari elfu tatu;
jioni watoto, mia tano nusu saa,
wanagombania padi.

Tukaanza na Kulwa.
Uwanja ukawaka, nyasi unazihesabu.
Pembeni ya kioo namba zinaruka: mia na arobaini,
mia na hamsini na mbili.
Bulugu akapiga meza. "Umemwona mnyama?"
Feni ikalia kama mashine ya kusaga,
nyuzi themanini na tisa,
na dirisha liko wazi, na upepo wa ziwa unaingia.
Kisha Doto: mia na kumi. Mia na nane.
Hana cha kujisifia. Feni inanong'ona.

Ningemchukua Kulwa. Mkono ulishaingia kwenye pochi.
Lakini Machibya, mtoto wa jirani, kaja kunisaidia mfuko,
miaka kumi na mmoja, vidole vina mafuta ya mhogo,
akasema, "Dada, rudisha ile ya kwanza. Nataka kona."

Kona.
Mpira ukapigwa, mashabiki wote wakasimama,
watu kumi na tisa ndani ya boksi,
na Kulwa akapaliwa.
Ishirini na sita.
Tunakuja kuona, kipa yuko chini, wavu unatikisika,
na hakuna aliyeuona mpira.
"Ndiyo hapo," akasema Machibya. "Hapo ndipo watu hupigana."
Kwa Doto, kona ileile: themanini na moja.
Mpira ulipaa, tukausindikiza kwa macho hadi mwisho.

"Lakini wastani," Bulugu akasema, "kwa wastani Kulwa yuko juu."

Wastani!
Mama yangu aliuza dagaa Kirumba miaka ishirini na miwili.
Neno hilo hakulijua. Aliujua mwezi.
Wakati wa giza, karabai zimetapakaa majini,
kila mvuvi tajiri, kila mdaiwa muungwana.
"Usimkopeshe mtu kwa giza lake," alisema.
"Mngoje mbalamwezi, siku taa hazivuti dagaa,
uone kama anakuja kukuamkia
au anapita njia ya nyuma."

Isitoshe, kioo changu ni cha mtumba,
fremu sitini kwa sekunde, basi.
Zile tisini za juu Kulwa angemchezea nani?

Nikafungua daftari la Mama Nyanjige,
muziki juu, printa inatema picha nne za pasipoti,
gemu nyuma limesimamishwa kwenye kona.
Doto akavipokea vyote kama mama mzoefu msibani:
huyu maji, huyu mkeka, wewe subiri kidogo.

Nikalipa.
Bulugu akapaka ile dawa nyeupe, punje ya mchele, si zaidi,
akamrudisha Kulwa kwenye kiboksi chake,
mrembo bado. Atapata mtu mwenye kiyoyozi.

Njiani Machibya kauliza kompyuta yenyewe tuiiteje.
Anayefuata mapacha jina lake linamngoja.
"Shija," nikamwambia,
"na mikono ya mhogo, marufuku."