Nyeusi Tii, Nyeupe Pee

Mwaka wa kwanza, pale Krakow, Bi Halszka alitunyang'anya nyeusi.
Alipita kati ya meza na kikapu kama askari wa forodha,
tyubu zikidondoka ndani, kotokoto.
"Hii ni mifupa iliyochomwa," alisema.
"Mkiipaka na ujana wenu itachimba shimo katikati ya picha,
kisha mtatumbukia wenyewe.
Nyeusi tii haipo. Nyeupe pee haipo. Tafuteni."

Tukatafuta. Buluu nzito na kahawia ya udongo ulioungua,
tone la mafuta ya kitani, kisu kikizunguka ubaoni,
likatoka giza lenye pumzi.
Tukajua njano ikiguswa na nyeusi huona kijani.
Tukajua nyeupe haing'arishi, hupoza:
itie kwenye shavu, na shavu linashikwa na homa ya baridi.
Nyeupe ya zinki hupasuka uzeeni.
Ya titani humeza jirani zake.
Ya risasi, jina moja na ile ya bunduki,
na sumu yake haina haraka,
ndiyo pekee inayojua kuwa ngozi.

Pasaka nikapanda treni kwenda kwetu Bytom
na tyubu kumi na moja, nyeusi hamna.

Baba alikuwa kwenye benchi, chini ya madirisha yenye fremu nyekundu,
akiwahesabu njiwa wake kwa sauti.
Miaka ishirini na saba chini ya ardhi
imemwachia wanja kwenye kope asioupaka,
na hakuna sabuni iliyouweza.
"Nichore," alisema, "ila usinivalishe suti."

Siku tatu. Nilimwekea kiganjani jiwe la makaa ya mawe,
nikalipaka kwa giza langu la shuleni, lenye pumzi, lenye adabu.
Siku ya tatu akaja nyuma yangu, kikohozi kikimtangulia.
Akatazama.
"Hili si kaa, Agnyszka. Hiki ni kiatu."

Akalichukua lile jiwe, akaliweka kizingitini, akalipiga nyundo mara moja.
"Angalia linapopasukia."
Buluu. Ukingo wa fedha. Mstari wa hudhurungi, mwembamba kama mshipa wa jani.
"Nusu yake ni mwanga. Watu hudhani kule chini tulikuwa tunaona nyeusi.
Nyeusi ni taa ikizimika.
Nimeiona mara moja."
Hakusema lini.
Mama alikuwa anaanua shuka. Mikono yake ikasimama kambani.

Shuka zile! Masizi yalizishukia kila Jumatatu ya utoto wangu,
na kila Jumatatu alizirudisha beseni.
Nikamuuliza, ili mtu aseme kitu, alizifanyaje ziwe nyeupe.
"Hazikuwa nyeupe hata siku moja," alisema.
"Nilikuwa natia buluu ya kufulia. Jicho ndilo linalodanganyika."

Basi buluu ile ile, ncha ya brashi tu,
nikaitia kwenye kaa la baba,
nikaitia kwenye shuka lililo nyuma ya bega lake,
na vitu viwili ambavyo havijawahi kusalimiana
vikakaa pamoja uani kama ndugu waliochoka kugombana.

Pale stesheni, kabla ya treni kurudi, nilinunua tyubu moja.
Nilimpaka baba kofia ya kazi, na kwenye kioo cha taa yake
nikaweka punje. Punje ya mchele, si zaidi.
Sikuichanganya na kitu.

Bi Halszka alisogeza miwani, akaivua, akaivaa.
Shuka alilipita. Kaa akalisimamia kidogo, akaguna.
Kisha kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye taa.
"Hapa pana shimo."
Ndiyo, nikasema.

Nyeusi ya mifupa hunywa mafuta mengi, hukawia kukauka.
Sasa ni Juni.
Ukiigusa punje ile, bado itakutia doa.